Dhana ya Mwalimu Twalib

Haya nilisimuliwa na kaka yangu Hija, mshenga mwenyewe, mwaka tisini na tatu kule Kipawa. Nilikuwa nachambua mchele; kwa kucheka, nusu niliumwaga.

Mwalimu Twalib alikuwa bingwa wa twisheni Temeke nzima. Makampuni mapya yalikuwa yakiajiri kwa mtihani wa kufikiri, na kufikiri alikujua yeye. Sie wengine tulikuwa tunaishi tu. Kila alasiri alimfundisha Lulu, binti aliyemaliza fomu sita, barazani kwa mama yake, Bi Zubeda, mjane.

"Dhana ni nguzo isiyosemwa," alisema. "Ing'oe, hoja inaanguka. Neno la kutia hoja nguvu ni kiraka tu. Kibandue, hoja itachechemea, lakini ipo."

Moyoni alikuwa na hoja yake: Lulu ananipenda. Ushahidi? Chai ya maziwa yenye iliki. Mkate wa kumimina. Udi, uliofukizwa kila akikunja kona. Hata Bi Zubeda, mkwe mtarajiwa, siku hizi alimpokea kwa kanga mpya.

Akamtega binti. "Mtu analetewa chai, mkate, anafukiziwa udi. Akisema anapendwa, je?"

"Hivyo vyote vya kutia nguvu, mwalimu. Dhana yake nini?"

"Iko wazi," akajibu, akauma kipande cha mkate.

Alishakataliwa posa mbili. Ya tatu ikirudi, aliapa, atahama mji kwa aibu. Basi akaandika barua kwa wajomba wa Lulu: anaomba mke katika nyumba ile.

"Jina hujaandika, mwalimu," Hija akamwambia.

"Mzee Hija, wenye akili hawaandikiani yaliyo wazi."

Siku ya tatu jibu likaja: mwenyewe karidhia, mahari msahafu tu, ndoa Ijumaa.

"Msahafu tu!" Mwalimu akajipiga kifua. "Kwa binti msomi vile! Mapenzi hayo, mzee wangu."

Alhamisi baada ya adhuhuri akaenda, kanzu imepigwa pasi, kwapani doti ya kanga ya kumshukuru mama mkwe. Akagonga kwa mbwembwe.

Lulu akafungua, penseli sikioni, kidole mdomoni.

"Shikamoo, baba," akanong'ona. "Usigonge tena. Bi harusi kapakwa hina, ndo kwanza kalala."