Sekela Asoma kwa Macho Yake

Siku hizo hapakuwa na mtu mzima aliyesoma kwa macho. Kila mmoja alivaa kisomeo sikioni, nacho kilimsomea kila kitu, kuanzia maelezo ya dawa hadi barua za ndugu. Sekela, mchuma chai wa Tukuyu, alichoka kusomewa. Kila Jumamosi akawa anakwenda darasani kwa Mwalimu Gwakisa, aliyefundisha bila haraka: kwanza sauti, kisha silabi, kisha neno zima.

Katika mwezi wa nne wa masomo ikafika barua ya dada yake Tusajigwe, aliyeishi Kyela. Sekela akavua kisomeo, akakifungia kabatini, akaanza kusoma kwa kufuata maneno kwa kidole, jasho likimtoka. Binti yake Lugano alikaa kando akisikiliza.

"Mdogo wangu," akasoma, "mgu... mguu umevimba. Siwezi hata kusimama. Njoo."

"Mama, umesoma," Lugano akasema, machozi yakimlengalenga. "Umesoma yote."

Sekela akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Kesho yake alikuwa Kyela, akampeleka dada yake hospitali, na baada ya wiki mbili Tusajigwe akatoka kwa miguu yake mwenyewe.

"Nilikuandikia barua tatu kabla ya ile," Tusajigwe akamwambia getini. "Mbona hukuja?"

"Zilifika zote, dada," Sekela akajibu taratibu. "Kisomeo kilinisomea kwamba hujambo, na unanisalimu tu."