Sauti ya Mama Kituoni

Siku hizi polisi hawapigi mtu. Mashine humhoji mtuhumiwa kwa sauti ya mama yake, iliyonaswa na simu ya nyumbani ambayo ni marufuku kuizima. Humchimba kwa upole mpaka aseme.

Hemedi alipoachiwa, mama yake, Mashavu, alimpakulia wali. "Pole, baba. Umekula huko?"

Hemedi akakodoa macho. "Hata kule uliniuliza hivyohivyo. Nani kakutuma?"

Mashavu akambembeleza, mwana akazidi kurudi nyuma. Uchungu ukampanda. "Kula, mshenzi wewe, nisije nikakuzaba kibao!"

Hemedi akacheka huku machozi yakimlenga. "Sasa ndiyo wewe, mama. Ile haijui kutukana." Akavuta sahani.

Mashavu naye akataka kucheka, lakini akaiona simu juu ya kabati. Taa yake ya kusikiliza ilikuwa inawaka.