Ubavu wa Kushoto

Mwanakombo alikuwa keshavuka kizingiti, furushi kichwani, tumbo limemtangulia.

"Nenda kwa mwenye mimba yako!" mumewe, Shebe, alimpigia kelele.

"Mimba gani inakaa ubavu wa kushoto tu, Bwana Shebe?" aliuliza mkunga.

Mkunga huyo, ambaye Shebe mwenyewe alimwita aithibitishe mimba kabla ya talaka, alimlaza mwanamke barazani, akambonyeza.

"Hapa hamna mtoto. Huu ni wengu, umevimba. Uboho wa mifupani ukichoka, mbegu za damu huhama, zikaja kutengeneza damu humu. Mpeleke hospitali."

"Kumbe na wewe wamekuhonga!"

Mwanakombo alikwenda peke yake, akatibiwa, akaishi. Mkunga alizeeka. Shebe hakuoa tena. Mpaka anakufa alikuwa akiwakazia macho watoto wa mtaani, mmoja mmoja, akimtafuta wa Mwanakombo.