Mkanda wa Tausi

Siku hizi mtoto akiumizwa koo wakati wa kutolewa kitu kilichompalia, hufungwa mkanda shingoni. Yeye huchezesha midomo, mkanda humsemea kwa sauti ya marehemu wa ukoo wake, mpaka apone.

Niliporudi Singida, baada ya miaka kumi na moja ya kuzunguka migodini, nilimkuta mjukuu wangu Tausi, wa miaka minne, ametolewa mbegu ya ubuyu kwenye njia ya hewa. Mkanda wake ulikuwa na sauti ya Sikitu, mke wangu, ambaye sikumzika.

"Shikamoo, mume wangu," Tausi alinitania kwa sauti hiyo, kama wajukuu wanavyowatania babu zao. "Meno umeyaacha kwa nani?"

Nilikaa chini. Tangu siku hiyo sijasafiri.

Mwanangu Mwasiti, mama yake Tausi, akienda kazini, mimi humfungua Tausi mkanda, nimjaribu. Muuguzi alituonya: akitamka neno lake mwenyewe, mkanda urudishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani koo likishazoea kusemewa halisemi tena maisha.

Jana nilipomfungua, alisema kwa kijisauti cha mkwaruzo, "Babu, nataka uji."

Nilimpa uji. Alipomaliza, nikamfunga tena mkanda.

Jioni Mwasiti aliuliza, "Baba, amesema chochote leo?"

"Bado, mama."

Tausi alinitazama. "Mwongo huyu," akasema kwa sauti ya Sikitu. "Mume wangu mwongo."

Mwasiti alicheka, akidhani tunataniana. Nami nikacheka naye.