Wembe wa Kwanza

Plasta imetolewa leo asubuhi, na kidole gumba changu kimekonda na kupauka kama cha mtu mwingine. Sasa kimeshika wembe, na wembe unatetemeka.

Mteja wa kwanza ameuona, akajipapasa kidevu na kusema atapita kesho. Wa pili, mzee mzima, amedai ndevu zake bado changa.

Anaingia kaka yangu. Hatujasemezana tangu siku ile tulipogombana hapa hapa kibandani. Anakaa kwenye kiti, anajifunga kitambaa shingoni mwenyewe.

“Ninyoe.”

“Kaka, kidole hakijakaza.”

“Najua. Mlango niliubamiza mimi.”

Nampaka povu. Nikibana mpini wa wembe, maumivu yananipanda hadi kwenye kiwiko. Kwa mkono mzima navuta ngozi ya shingo yake, na chini ya vidole vyangu mshipa unapiga mbio. Kumbe naye anaogopa.

Nangoja aseme basi, tuache. Nadhani hata yeye angeshukuru kama ningeuweka wembe chini.

Badala yake anafumba macho na kuinua kidevu.

“Anzia kooni, mdogo wangu.”