Kutoa Sumu

Bi Somoe alifika maabara kuchukua majibu ya dawa yake ya majani, ile ya kuongeza nguvu mwilini. Kabla hata ya kuketi aliimimina kikombeni, akapiga funda moja, akamsogezea Hamdu, mpimaji.

“Nimeshatoa sumu, mwanangu. Kunywa.”

Hamdu alishtuka. Panya aliowanywesha dawa hiyo walikuwa wamekufa wote, maini yameharibika.

“Mama, kila mteja unamwonjea hivi?”

“Kila mmoja! Mimi si mchawi.”

Akacheka, akageukia dirisha. Mwanga ukampiga machoni, na pale penye weupe Hamdu akaona manjano kama ya bizari.

“Bado unaogopa? Haya, ngoja nikutolee tena.”

Akakiinua kikombe.