Sisimizi wa Asubuhi

Batuli aliinamia kopo la mkojo wa mumewe, uani nyuma ya kisima, asione hata sisimizi mmoja.

Ukingo wa kopo ulikuwa mkavu na mtupu. Tangu mwezi wa Shaabani, kila asubuhi wadudu hao waliuzunguka kama shanga nyeusi, na ndivyo tabibu wa Siyu alivyotambua kuwa mkojo una sukari. Aache halua, alisema, na tumbaku aiache kabisa, maana ndiyo inayokizuia kidonda cha mguu kufunga. Mumewe akaapa hatagusa kiko mpaka sisimizi waondoke.

Sasa wameondoka. Na kidonda ndiyo kwanza kimeanza kushika ngozi, nyembamba mfano wa utando wa maziwa.

"Batuli," mumewe aliita kutoka ndani. "Wamekuja wageni wangu?"

"Ngoja nitazame, Bwana."

"Mbona kimya? Wawahesabu?" Akacheka peke yake. "Nambia tu. Wakiwa hawapo, niwashie kiko."

Batuli hakuwahi kumdanganya tangu aolewe, hata juu ya bei ya leso. Aliinuka. Kisha akapenyeza mkono kwenye kidirisha cha jiko, akamega sukari guru, akaisugua taratibu ukingoni mwa kopo, pande zote, mpaka vidole vikanata.

Alichutama, akautazama ufa wa ukutani wanakotokea sisimizi, akiwangoja.

"Njoo uwaone mwenyewe, Bwana," alisema. "Lakini polepole, mguu huo usiukaze."